Sekuristi wa Yoba: Anayefika Kabla ya Ambulansi

Mtoto wa kaka yangu ni utingo wa malori yanayotoka Muyinga kwenda mpaka wa Kobero na kuingia Tanzania. Hivi karibuni aliniandikia: "Asalaam aleikum, shangazi. Mtu akitaka ile kazi ya kukaa nyuma ya ambulansi na mgonjwa, anasomea nini? Anasomea wapi? Na cheti chake kinaitwaje?" Kijana huyu ameona ajali nyingi kwenye barabara ile. Kila mara, anasema, watu hukusanyika wengi, simu za kupiga picha hutolewa nyingi, na anayejua la kufanya haonekani.

Nilimjibu kwa sauti, ujumbe juu ya ujumbe, mpaka mteja wangu mmoja akachoka kunisubiri akahamia meza ya pili. Haya ninayoandika hapa ni yale yale, nimeyapanga tu kidogo.

Mimi nauza vitenge katika soko la Gitega na ninakaa Yoba, mtaa wa Waswahili wa mji huu, ambako sentensi huanza kwa Kiswahili ikamalizika kwa Kirundi na hakuna anayeshangaa. Pia ni sekuristi, yaani mtoaji wa huduma ya kwanza wa kujitolea chini ya Msalaba Mwekundu wa Burundi, chama kilichoanzishwa mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru. Mshahara wa kazi hiyo sina. Nina fulana, mkoba wa bandeji, na simu ambayo majirani huipiga hata kwa mambo yasiyonihusu, kama mbuzi aliyetumbukia mtaroni.

Jibu langu fupi lilikuwa hili: mwanangu, kazi unayoiulizia ipo hapa kwetu, ila imekatwa vipande vitatu wakagawiwa watu watatu. Dereva wa ambulansi anazijua barabara na kona zake. Muuguzi, akipatikana wa kuondoka wodini, anakaa nyuma na mgonjwa. Na kabla ya hao wawili kuna sekuristi, au jirani yeyote mwenye moyo, ambaye ndiye aliyemkuta mtu yuko chini. Katika nchi nyingine vipande hivyo vimeunganishwa vikawa mtu mmoja, mwenye mafunzo yake, leseni yake na mshahara wake, naye huanza ngazi ya chini na kupanda. Ninayetaka kumwelezea ni huyo wa ngazi ya chini. Ndiye tunayemhitaji kuliko wote, na ndiye asiyehitaji miaka mingi kumfundisha.

Kwanza uone njia ya mgonjwa ilivyo. Burundi ina vilima karibu 3,000, na kilima kwetu ndicho kitongoji, si mwinuko tu wa ardhi. Mtu akiugua anatoka kilimani anafika kituo cha afya, tunachokiita santere. Santere ikishindwa inampa transferi, yaani karatasi ya kumhamishia hospitali ya wilaya. Ya wilaya ikishindwa, anapelekwa hospitali kubwa kama hii yetu ya Gitega, au Bujumbura, kilomita 100 hivi za kona na milima. Ambulansi kazi yake ni kati ya santere na hospitali, na anayeiita ni santere, si wewe nyumbani. Kipande cha kutoka mlangoni pako hadi santere hakina ambulansi. Hapo inatawala ingobyi, machela ya jadi iliyosukwa, wanaume wakiibeba mabegani kwa kupokezana. Au baiskeli ya abiria. Au pikipiki, mgonjwa akibanwa katikati ya dereva na ndugu anayemshika kiuno. Miaka hii ya uhaba wa mafuta, pikipiki nyingine zinalala kituoni zikisubiri petroli, na ingobyi inarudi kazini.

Ndiyo maana mtu wa kwanza ana uzito kuliko gari lenyewe.

Siku moja jioni kijana wa baiskeli alianguka kwenye mteremko karibu na Yoba. Wote tunawajua vijana hawa: wanapanda mlima wakiwa wameshika nyuma ya lori linalowavuta, wanashuka kama risasi na mzigo mkubwa kuliko wao. Huyu alibeba bati. Bati moja lilichomoka kwenye kamba likampasua mguu, chini kidogo ya goti, na damu ilikuwa inaruka kwa mapigo. Nilipofika watu walikuwa wamekwisha kumshika mikono na miguu ili wamrushe kwenye pikipiki, na mzee mmoja alikuwa na kopo la maji anamwagia kidonda.

Jambo la kwanza analofundishwa mtu wa ngazi ya chini halihusu mgonjwa hata kidogo. Ni kutazama barabara. Anayeokoa akigongwa na gari, majeruhi wamekuwa wawili. Nikawapa vijana wawili kitenge chekundu wasimame juu na chini ya mteremko wapunge. Jambo la pili ni glavu. Zamani tuliambiwa ukikosa glavu tumia mfuko wa plastiki. Mifuko yenyewe imepigwa marufuku nchini, kwa hiyo glavu sitoki nyumbani bila ya kuzibeba. Halafu ndipo kidonda: kitambaa safi kilichokunjwa, viganja viwili juu yake, mikono imenyooka, uzito wa mwili wote. Usifunue kuchungulia kama damu imekatika. Kila ukifunua unaondoa lile gamba ambalo damu imeanza kulitengeneza. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu.

Damu ya mtu mzima ni kama lita 5. Mshipa mkubwa uliokatika unaweza kumaliza kazi kwa dakika chache, kabla hata ya mtu kukumbuka namba ya santere. Kwa kijana huyu kukandamiza hakukutosha. Nilikata ukanda wa kitenge, upana wa vidole vinne, nikaufunga juu ya goti, nikapitisha kijiti na kukizungusha mpaka damu ikasimama. Hapo alipiga kelele ambazo zilisikika msikitini. Kufunga hivyo kunauma, na ukiona hakuumi huenda hujafunga sawasawa. Usitumie waya wala kamba nyembamba, inakata nyama. Kisha chukua kalamu uandike saa. Niliandika kwenye paja lake, kwa sababu karatasi hupotea na paja halipotei. Daktari lazima ajue mguu umekaa bila damu tangu saa ngapi.

Mama mmoja, Mungu ambariki, alileta soda ili kijana apate nguvu. Nikamwambia, "Hapana, mama, huyu huenda akafanyiwa upasuaji, tumbo liwe tupu. Mfunike kwa kanga yako apate joto." Jirani mwenye taksi akakubali kumpeleka akiwa amelala kiti cha nyuma. Kule mapokezi nilimweleza muuguzi kwa sentensi nne: ni nani, ameumiaje, saa ngapi, nimemfanyia nini. Kijana yule anaendesha baiskeli mpaka leo. Bado anabeba bati.

Katika yote hayo hakuna hata moja linalodai chuo kikuu. Yanadai mtu aliyefundishwa mpangilio na kuurudia mpaka mikono ikaujua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa kozi ya siku 5 ya huduma za msingi za dharura, kwa wauguzi na madaktari wa sehemu zenye vifaa vichache. Ilijaribiwa kwanza kwa majirani zetu, Uganda na Tanzania, na Zambia pia. Uti wa mgongo wake ni mpangilio unaotumiwa kila mahali: njia ya hewa kwanza, kisha kupumua, kisha damu na mzunguko wake, kisha fahamu, mwisho kumfunua mgonjwa utazame alichoficha chini ya nguo na kumfunika tena asipoe. Mpangilio unafuata kinachoua haraka. Aliyezibwa koo hana dakika nyingi. Aliyevunjika mkono anaweza kusubiri, hata kama yeye ndiye anayelia kwa sauti kubwa zaidi.

Wanafunzi wapya wote hupenda somo la kukandamiza kifua, kwa sababu wameliona kwenye filamu. Unapiga magoti kando ya mwanasesere wa plastiki, viganja katikati ya kifua, unashusha sentimita 5 hadi 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mara 30 kisha pumzi mbili. Mzunguko wa pili jasho linatiririka. Nakubali lifundishwe, na aliyetolewa majini au mtoto aliyezimia huenda akaokoka kwa hilo. Lakini nikisema ukweli wangu, mahali ambapo mashine ya kushtua moyo haipo karibu, somo hilo silo linalookoa wengi. Wanaookolewa ni wale waliokandamizwa kidonda, na wale waliozirai wakageuzwa ubavu ili ulimi na matapishi visizibe koo.

Hapo kwenye kugeuza ubavu, sokoni kwetu ndipo ninapofanya kazi nyingi. Mtu akianguka kwa kifafa watu hurudi nyuma. Wanaliogopa povu, wanasema likikugusa umeambukizwa. Si kweli. Kifafa hakiambukizwi kwa mate. Mara nyingine ni tofauti: mwenye huruma anakimbilia na kijiko kumtia mdomoni asijing'ate, akavunja meno yote mawili ya mbele. Msaada wa mtu wa kifafa ni mdogo kuliko watu wanavyodhani: ondoa mawe na majiko karibu naye, weka nguo chini ya kichwa, usimshike kwa nguvu, tazama saa. Degedege likikatika mgeuze ubavu. Likipita dakika 5, au likarudi kabla hajazinduka, aende hospitali. Mara nyingi jambo kubwa zaidi ni kumsitiri kwa nguo, kwa sababu akizinduka jambo la kwanza atakaloona ni duara la watu.

Mtu wa ngazi ya chini ana orodha nyingine, ya asiyoyafanya, nayo ndiyo inayomtenganisha na mganga wa mtaani. Hachomi sindano. Hachomoi kisu wala nondo iliyoingia mwilini. Anaizungushia vitambaa isitikisike. Hamnyweshi asiye na fahamu. Hapaki dawa ya meno, majivu wala kahawa kwenye kidonda cha moto. Anamwagia maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Na hasemi nje aliyoyaona ndani. Katika mtaa kama Yoba, ambako habari hutangulia miguu, sharti hilo la mwisho ni gumu kuliko yote, na nimeona sekuristi hodari akiachwa na majirani kwa sababu ya ulimi.

Sasa swali la kijana wangu: cheti. Nchi hazifanani. Marekani, anayeanza kazi ya ambulansi husoma kozi ya saa kati ya 120 na 200 hivi, anafanya mtihani, anapata leseni. Akitaka kupanda hadi ngazi ya juu, ya kutia dawa kwenye mshipa na kusoma mapigo ya moyo kwenye mashine, anaongeza saa zaidi ya elfu moja. Uingereza ngazi hiyo ya juu, tangu 2021, inadai shahada ya chuo kikuu, ila kuna wasaidizi wanaoanzia chini yake. Afrika Kusini kwa miaka mingi walikuwa na kozi ya wiki chache, kisha wakaifuta wakaweka cheti cha mwaka 1, diploma ya miaka 2 na shahada ya miaka 4. Walikuwa na sababu zao, ubora. Mimi naona nchi yenye magari na walimu wa kutosha inaweza kufunga mlango wa kozi fupi. Sisi tukiufunga tutabaki na watu wa kupiga picha.

Na kazi yenyewe, kwa taarifa yako, haikuanzia kwa watu wenye shahada. Mpaka katikati ya miaka ya 1960 katika mji wa Pittsburgh huko Marekani, maskini akizidiwa alibebwa na gari la polisi. Mitaa ya watu weusi ndiyo iliyoumia zaidi. Mwaka 1967 likaanzishwa shirika la Freedom House, na daktari Peter Safar, mmoja wa waliobuni njia ya kisasa ya kumrudishia mtu pumzi, akawafundisha vijana weusi wa mtaa wa Hill District, wengine hawakuwa na kazi, wengine hawakumaliza shule. Kozi yao ilikuwa ya saa 300 hivi, ndefu kuliko kozi yoyote ya ambulansi iliyokuwepo. Wakawa mfano wa nchi nzima. Mji ukawavunja mwaka 1975 na kuanzisha huduma yake, na wengi wao hawakudumu humo. Daktari Nancy Caroline, aliyewasimamia miaka ya mwisho, ndiye aliyeandika kitabu cha mafunzo kilichotumika baadaye Marekani yote.

Nasimulia hayo kwa sababu ya jambo lililotokea hapa Gitega. Alfajiri ya 7 Desemba 2021 gereza la mji wetu liliwaka moto. Lilijengwa kwa watu 400. Siku zile lilikuwa na zaidi ya 1,500. Hesabu iliyotangazwa siku hiyo na Makamu wa Rais Prosper Bazombanza ilikuwa wafu 38 na majeruhi 69, na serikali ilisema chanzo ni shoti ya umeme. Walioshuhudia waliwaambia waandishi wa habari kuwa walioumia vibaya walipelekwa hospitalini, wengine kwa pikapu za polisi, na walioumia kidogo wakahudumiwa papo hapo na Msalaba Mwekundu. Pikapu za polisi, kama Pittsburgh kabla ya 1967. Siwalaumu polisi, gari lililopo ndilo linalobeba. Lakini mtu aliyeungua kifua na koo, akilazwa kwenye bati la pikapu bila mtu wa kumtazama pumzi, safari fupi inaweza kuwa ndefu mno.

Siku kama hiyo inamdai mtu wa ngazi ya chini ujuzi ambao muuguzi wa wodini hautumii kila siku: kupanga majeruhi. Unatangaza kwa sauti, "Anayeweza kutembea aje upande huu!" Watakaokuja, hata wakiwa wamejaa damu, wanaweza kusubiri. Halafu unawaendea walionyamaza. Anayepiga kelele ana pumzi. Aliyenyamaza ndiye wa kwanza. Ni somo la asubuhi moja, na watu wa sokoni hulielewa haraka kuliko wasomi, sijui kwa nini.

Wengi wanadhani kazi hii ni ajali na moto tu. Hapa kwetu mgonjwa wa dharura mara nyingi ni mwanamke mwenye uchungu. Tangu Mei 2006 kujifungua katika vituo vya serikali, na matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5, ni bure. Kufika kwenye hiyo bure ndiko kugumu. Mtoto akikwama njiani siku nzima, siku mbili, kichwa chake kinabana nyama za mama mpaka zinakufa, na baadaye tundu linafunguka kati ya kibofu na njia ya uzazi. Mkojo haukatiki tena. Hiyo ndiyo fistula. Mwaka 2010 Madaktari Wasio na Mipaka walifungua hapa Gitega kituo cha kuwatibu wanawake hao, wakakiita Urumuri, Kirundi cha nuru. Wanawake walitoka kila pembe ya nchi, wengine wakiwa wamejificha na ugonjwa huo kwa miaka mingi. Kila mmoja wao alikuwa na usiku mmoja ambao mtu wa kumsafirisha hakupatikana.

Shirika hilo hilo lilionyesha dawa ya tatizo hilo la usafiri kusini ya Bujumbura, katika wilaya ya Kabezi, kuanzia 2006. Santere ziliunganishwa na hospitali moja kwa redio na simu. Santere ikiita, ambulansi inatoka na mkunga au muuguzi aliyefundishwa ndani yake, saa yoyote, bila malipo. Watafiti wao walipokadiria hesabu za mwaka 2011, vifo vya akina mama katika wilaya hiyo vilikuwa chini kwa asilimia 74 ukilinganisha na makadirio ya nchi nzima. Gharama ya ambulansi ilikuwa chini ya nusu ya yuro kwa kila mkazi kwa mwaka. Bei ya andazi na chai. Angalia lakini walichokilipia: si magari tu, ni mtu wa kukaa nyuma. Gari bila mtu huyo ni taksi yenye king'ora, na ninajua mama mmoja aliyetumwa na transferi mkononi, yeye na dereva peke yao, akajifungua kabla ya kufika. Dereva alisimamisha gari akawaita wanawake waliokuwa wakilima kando ya barabara. Walijua la kufanya, alhamdulillah.

Majirani wametutangulia, na hakuna aibu kuiga. Rwanda ilianzisha huduma yake ya ambulansi mwaka 2007. Mwananchi anapiga 912 mwenyewe. Tanzania wana mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kutangazwa wa nchi nzima mwaka 2022: mama mwenye dharura ya uzazi, au ndugu yake, anapiga 115 bure, muuguzi anayepokea simu anauliza maswali na kupima uzito wa jambo, na kama ambulansi iko mbali anaitwa dereva wa kijiji mwenye gari lake, aliyesajiliwa, anayelipwa kwa simu. Kampala mwaka 2008 walifundisha watu 307, polisi, madereva wa taksi na viongozi wa mitaa, kwa siku moja tu. Walipofuatiliwa miezi 6 baadaye, karibu wote walikuwa wamekwisha kutumia angalau jambo moja walilofundishwa. Hawakuchagua madaktari. Walichagua watu ambao tayari huwa wa kwanza kufika, na kwetu hao ni waendesha pikipiki, matingo, na sisi wauza soko.

Kwa hiyo nilimwambia kijana wangu njia zake ni hizi. Akitaka kuanza mwezi huu, aende tawi la Msalaba Mwekundu Muyinga, ajiandikishe kujitolea, asubiri mafunzo ya sekuristi, afanye na marudio yake. Ujuzi huu usiporudiwa unapotea kabla ya fulana kuchakaa. Akitaka ajira ya serikali ndani ya ambulansi, njia iliyo wazi leo ni shule ya paramedikali, ambako mtu huingia baada ya miaka 9 ya shule ya msingi na kutoka muuguzi wa kiwango cha A2. Huko si miezi, ni miaka, na wakimwajiri watampeleka wodini, si barabarani. Akivuka Kobero, Tanzania na Kenya kuna vyuo vinavyofundisha kazi ya dharura yenyewe. Lakini aulize kwanza kama cheti hicho kitakubaliwa akirudi.

Kuhusu yeye mwenyewe nilimuuliza niliyoulizwa mimi. Umetimiza miaka 18? Unaweza kuinua upande mmoja wa machela yenye mtu wa kilo 80, ukashuka nayo ngazi bila kuyumba? Unaweza kuandika fishi ya mgonjwa kwa Kifaransa kinachosomeka, kisha ukageuka ukamweleza mama yake kwa Kirundi au Kiswahili? Umechanjwa homa ya ini? Unaweza kupokea amri ya mtu mdogo kwako kiumri bila kununa? Kwa hilo la mwisho alinyamaza kidogo. Akajibu, "Shangazi, utingo nimezoea." Nikacheka peke yangu sokoni.

Kinachokosekana Burundi ni ngazi ya katikati: mtu mwenye mafunzo ya miezi michache, cheti cha Wizara ya Afya, mshahara mdogo lakini wa uhakika, ambaye kiti chake ni kile cha nyuma ya ambulansi na hakuna wa kumrudisha wodini. Masekuristi wamejaa vilimani, wamekwisha kujitolea, wanajulikana na majirani zao. Wachujwe, waongezewe mafunzo, waandikwe kazi. Itakuwa nafuu kuliko kununua magari mapya ambayo yatabeba watu bila mtu wa kuwatazama.

Nawe msomaji, leo hii andika kwenye simu yako namba ya santere ya karibu na namba ya jirani mwenye gari au pikipiki, kisha pita tawi la Msalaba Mwekundu la mji wako uulize darasa lijalo la huduma ya kwanza linaanza lini.